Nani Anasoma Mizani?

Bima ya afya ya taifa, SHA, hulipa hospitali shilingi 10,000 mama akijifungua kwa njia ya kawaida. Akijifungua kwa kupasuliwa, hulipa 30,000. Hesabu hiyo si ngeni. NHIF nayo, kabla haijafungwa, ililipa vivyo hivyo katika bima yake ya kawaida. Kati ya njia hizi mbili za mtoto kuja duniani kuna pengo la shilingi 20,000. Huku kwetu Kabianga tumezoea kuhesabu vitu kwa kilo za majani mabichi. Tuseme kilo ni shilingi 25 kabla ya bonasi. Pengo hilo ni kilo 800. Kwa mwenye shamba dogo, hiyo ni miezi kadhaa ya kuinama kwenye chai.

Sisemi pengo lenyewe ni dhambi. Operesheni inataka dawa ya usingizi na mtaalamu wa kuitoa, inataka vifaa, damu ya akiba, na kitanda kwa siku zaidi. Lazima igharimu zaidi. Ninachouliza ni hiki: pengo hilo linalifanyia nini neno la daktari? Akisema, "Mama, mtoto amechoka, twende tukupasue," je, mama anasikia habari za mtoto wake, au anasikia bei? Na kama hana njia ya kutofautisha, nani aliyemkosea?

Tusianze kwa kukilaani kisu. Mwaka 1879 Robert Felkin, kijana Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro, katika Uganda ya leo. Mganga alimnywesha mama pombe ya ndizi, akanawa mikono na kulisafisha tumbo kwa pombe hiyo hiyo, akapasua, akazuia damu kwa chuma cha moto, kisha akalifunga jeraha kwa pini za chuma na nyuzi za gome la mti. Felkin aliyachapisha hayo mwaka 1884, na alieleza kwamba siku kumi na moja baadaye mama na mtoto walikuwa salama. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba kisu ni jambo la kizungu au la uvivu wa kina mama wa siku hizi. Watu wa kanda hii walijua zamani kwamba kuna wakati mtoto hana njia nyingine.

Na ni kweli pia kwamba Kenya ilikihitaji zaidi ya ilivyokipata. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2014 ulionyesha kwamba watoto kama 6 kati ya 10 ndio waliokuwa wakizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2022 ukaonyesha karibu 9 kati ya 10. Katika muda huo huo, waliozaliwa kwa upasuaji walipanda kutoka 9% hadi 17%. Sehemu ya ongezeko hilo ni habari njema. Ni wanawake ambao zamani wangefia njiani, kwenye pikipiki, kabla ya kuiona taa ya hospitali.

Sehemu tu, lakini. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 1985 kwamba hakuna sababu ya nchi kuvuka 10 hadi 15%. Mwaka 2015 likatoa tamko jipya: kiwango cha upasuaji katika jamii kikipita 10%, vifo vya kina mama na watoto wachanga havionekani kupungua tena kwa sababu ya kisu. Sasa mtu akiona 17% atasema tumezidisha kidogo tu. Hapo ndipo wastani unapotupumbaza. Ukichanganya kikombe cha chai isiyo na sukari na kingine chenye vijiko vinane, utapata wastani wa chai tamu ambayo hakuna aliyeinywa. Kaunti za kaskazini ziko chini mno. Huko mama bado anakufa kwa kukosa kupasuliwa. Mjini, kwa wenye bima nzuri, kiwango kiko juu mno. Nchi moja, kina mama wawili: mmoja amenyimwa kisu, mwingine amesukumiwa.

Na kisu hakipiti bure. Utafiti uliofanywa katika nchi 22 za Afrika na kuchapishwa mwaka 2019 uligundua kwamba katika kila upasuaji wa uzazi 1,000, kina mama wapatao 5 walifariki, kiasi cha mara 50 ya vifo vya nchi tajiri. Waliopona nao hubaki na kovu kwenye mfuko wa uzazi. Mimba ijayo, kovu hilo linaweza kuachia wakati wa leba, au kondo la nyuma likajishika hapo na kukataa kutoka. Mama wa Nairobi anayetaka watoto wawili na anayeishi karibu na hospitali kubwa anaweza kuibeba hatari hiyo. Mama wa huku anayetaka watoto watano, mvua ikinyesha na barabara ikiwa tope, anabeba hatari nyingine kabisa, ingawa kovu ni lile lile. Isitoshe, mchuma chai hulipwa kwa kilo. Akiambiwa asibebe mzigo mzito kwa wiki sita, ameambiwa asipate pesa kwa wiki sita. Hiyo haiandikwi kwenye bili.

Watu wengi wakifika hapa hutafuta mwizi: daktari mwenye tamaa, mwenye hospitali anayejenga ghorofa kwa matumbo ya wanawake. Huenda wapo. Mimi naona jambo gumu zaidi ni kwamba mwizi hahitajiki. Chukua daktari mwema, amechoka, ana wodi mbili. Leba inaweza kwenda saa kumi na nne. Operesheni huisha kwa muda usiofika saa moja. Akisubiri na mtoto akadhurika, ataulizwa kwa nini hakupasua. Akipasua bila haja, hakuna atakayemuuliza chochote, kwa sababu mama ni mzima, mtoto ni mzima, na familia inashukuru. Sasa juu ya hofu na uchovu huo weka shilingi 20,000. Hata kama haziingii mfukoni mwake, zinaingia hospitalini. Tangu sheria ya mwaka 2023 iliyoruhusu hospitali za umma kubaki na pesa zinazokusanya, hata hospitali ya serikali inajua dawa za mwezi ujao zitatoka wapi. Hakuna aliyesema uongo. Ila katika kila kesi yenye shaka, mkono umeegemea upande mmoja.

Wachumi wameupima mwegemeo huo. Jonathan Gruber na Maria Owings walichunguza Marekani ya miaka ya 1970 hadi 1982, wakati ambapo uzazi ulipungua na madaktari wa uzazi wakaanza kukosa wateja. Waliona kwamba katika majimbo ambako uzazi ulishuka zaidi, upasuaji ulipanda zaidi. Nyonga za wanawake wa majimbo hayo hazikuwa zimebadilika. Kilichobadilika ni mapato ya waliokuwa wakiwahudumia. Kenya nayo inazaa kidogo kuliko zamani: mwaka 2014 mwanamke alitarajiwa kupata watoto 3.9, mwaka 2022 watoto 3.4. Hospitali za uzazi za binafsi zinazidi kufunguliwa miji yote. Hesabu ni rahisi.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Erin Johnson na Marit Rehavi, wa mwaka 2016, kuhusu California na Texas. Waliuliza: mama anayejifungua akiwa yeye mwenyewe ni daktari, anapasuliwa mara ngapi? Jibu: karibu 10% chini ya kina mama wengine, na afya yake inakuwa bora zaidi. Tena wakaona kwamba malipo yakibadilika, upasuaji wa kina mama wa kawaida hubadilika sana, lakini wa kina mama madaktari hautikisiki. Elewa maana yake. Bei hushika mahali ambapo mgonjwa hajui. Anayejua, bei humpita pembeni.

Kuna njia moja ya Kikipsigis ya kuliona jambo hili, nayo ni majina. Sisi mtoto tunamwita kwa saa aliyokuja. Chepkoech alikuja kunapopambazuka. Kibet na Chebet ni wa mchana. Kipng'etich alizaliwa ng'ombe wakitolewa kwenda malishoni, Kiprotich wakirudi nyumbani. Chepkemoi ni wa usiku. Chepchirchir hakumsubirisha mtu, alikuja mbio. Orodha yote hiyo inashuhudia kwamba aliyechagua saa ni mtoto. Upasuaji wa kupangwa, popote duniani ulipozoeleka, hufanywa mchana, siku za kazi. Tukiendelea hivi darasa la kwanza litajaa akina Chebet na Kibet, na mwalimu akiita jina, nusu ya darasa itaitika. Nacheka, lakini si kichekesho tu. Saa ya kuzaliwa ikianza kufuata ratiba ya wafanyakazi badala ya mwili wa mama, basi kuna mtu aliyeamua, na ni haki kuuliza aliamua kwa sababu gani.

Hadi hapa utadhani nataka kina mama wakatae kisu. La. Nitasimulia jambo moja, na hospitali siitaji, kwa sababu sina ugomvi nayo. Mke wa jirani yangu alikuwa leba. Daktari alisema mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka, apasuliwe haraka. Mume akatoka nje kupiga simu. Kila aliyempigia alimwambia jambo lile lile: hao wanataka pesa tu, mwambie asukume, mama yetu alituzaa sisi tisa nyumbani. Shangazi mmoja akasema asitie sahihi mpaka afike. Karatasi ilikaa mezani karibu saa mbili. Ilipotiwa sahihi, mtoto alitolewa hajalia. Tulimzika Jumamosi, kando ya mipaka ya chai, pahali padogo sana.

Daktari yule alisema kweli. Na yule mume si mjinga. Alifanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya anapouziwa kitu ghali na muuzaji anayemharakisha. Alikuwa amesikia hadithi kumi za kina mama waliopasuliwa wakiwa wazima, na baadhi ya hadithi hizo ni za kweli. Hivyo ndivyo upasuaji usio wa lazima unavyoua hata mahali ambapo haukufanywa. Kila mama anayepasuliwa bila haja huondoka na kovu lake, lakini huacha nyuma yake kitu kingine: anapunguza uzito wa neno "lazima". Atakayekuja kesho na kuambiwa "lazima" atapima, atapiga simu, atangoja shangazi. Wanaozungumzia gharama za upasuaji huhesabu pesa, siku za kitanda, na vidonda. Hii gharama ya neno kuchakaa hawaihesabu, nami naona ndiyo kubwa kuliko zote, na hulipwa na watu wasiohusika.

Sasa tufanye nini? Wengine husema: lipeni njia zote mbili sawa, mwegemeo utaondoka. Ningependa iwe rahisi hivyo. Ukilipa sawa, hospitali itapata hasara kila inapopasua, na mkono utaegemea upande wa pili. Mama atangojeshwa hata pale asipopaswa kungoja. Johnson na Rehavi waliuona mwegemeo wa kinyume pia: katika hospitali zinazomilikiwa na kampuni za bima, ambako kupasua ni gharama na si mapato, kina mama wa kawaida walipasuliwa kidogo. Punguza pengo, ndiyo, ili lilingane na gharama halisi. Lakini usitarajie bei isiyo na upande. Haipo.

Ndiyo maana nawaza habari za mizani. Kila mkulima wa huku anaijua hii. Zamani, kwenye kituo cha kununua chai, karani alisoma mizani peke yake, akaandika alichoandika, na kilo zikapotea katikati ya gunia na daftari. Hatukupata nafuu kwa kuajiri makarani wacha Mungu. Tulipata nafuu mizani ilipokuwa ya umeme, namba ikawa inaonekana na pande zote mbili, na risiti ikatoka hapo hapo. Leo sihitaji kujua moyo wa karani ukoje. Nimeiona namba. Yeye pia ananufaika, maana akisema kilo 14, hakuna anayebishana naye.

Wodi ya uzazi ina mizani yake, na ilitengenezwa Afrika. Mwaka 1972 madaktari Philpott na Castle, wakifanya kazi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walichapisha chati ya leba yenye mistari miwili: wa tahadhari na wa kuchukua hatua. Ilikuwa ya kumsaidia mkunga aliye mbali na hospitali kubwa ajue ni lini mama ahamishwe. Ndiyo patografu tunayoijua. Juu yake huandikwa njia imefunguka kiasi gani, mtoto ameshuka wapi, moyo wake unapiga vipi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliongeza jambo muhimu: si kila mama hufunguka sentimita moja kwa saa, na leba kamili ihesabiwe kuanzia sentimita tano. Yaani wengi walioambiwa "umekaa sana" walikuwa bado hata hawajaanza kukaa. Chati ipo. Shida ni kwamba inasomwa na upande mmoja, na mara nyingine hujazwa baada ya mtoto kuzaliwa, kama karani wa zamani.

Najua nitajibiwa kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mtu yuko kwenye uchungu, damu inatoka, wewe unataka daktari atoe hotuba? Methali hiyo naiheshimu, ila tuisikilize vizuri. Asiyeulizwa uji ni mgonjwa anayepewa na mtu wa nyumbani, asiyemuuzia. Mama yangu aliponiletea uji hakuna aliyemlipa kwa kikombe. Pale anayekupa uji anapolipwa mara tatu zaidi ukinywa wa aina fulani, methali haipo tena upande wake.

Wala sababu si hotuba. "Moyo wa mtoto ulikuwa unapiga 140, sasa ni 90 na haupandi, hii hapa, tazama." Hayo ni maneno ya nusu dakika. Yangesemwa hivyo kwa yule jirani yangu, kwa Kiswahili au Kikipsigis, chati ikiwa mkononi, labda simu isingepigwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 8, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia zilizopo, faida, hatari na gharama za kila moja, kwa lugha anayoielewa inapowezekana. Gharama imetajwa humo kwa jina. Ni deni ambalo tayari linadaiwa; hatuombi hisani.

Kuna na mama anayetaka kisu mwenyewe, bila kusukumwa. Huyo simhukumu. Ila nataka tumuulize anakimbia nini. Kama anakimbia wodi ambako hakuna dawa ya maumivu, ambako mume na mama mzazi hufungiwa nje, ambako nesi mmoja ana wanawake wanane, basi alichochagua ni kuikimbia hali hiyo. Mpe mkunga wa kukaa naye, mpe mtu wake wa kumshika mkono, halafu umuulize tena. Akisema bado anataka, apewe.

Kwa hospitali nina ombi moja, nalo nimelitoa kwenye kiwanda cha chai. Kiwanda hutangaza bonasi yake, na kila mkulima hulinganisha na jirani. Hasira za huku kila Oktoba zinatokana na namba zinazojulikana. Hospitali nazo zitangaze: kati ya kina mama 100 waliokuja na mimba ya kwanza, mtoto mmoja, kichwa kikiwa chini, leba ikiwa imeanza yenyewe, mmepasua wangapi? Daktari Michael Robson aligawa kina mama katika makundi kumi mwaka 2001 ili ulinganisho kama huu uwe wa haki, na Shirika la Afya Duniani limeupendekeza tangu 2015. Hospitali kubwa inayopokea kesi ngumu haitaonewa, kwa sababu kesi ngumu zina kundi lake.

Wakati tunangoja, chama chetu cha kina mama na waume zao kimeanza jambo dogo. Kwenye kitabu cha kliniki cha kila mjamzito tunabandika karatasi yenye maswali matatu, na mume au dada atakayemsindikiza huyakariri kabla ya tarehe. Mmeona nini, na kimeandikwa wapi? Tukingoja saa moja, nini kinaweza kumpata mtoto? Nani mwingine ameliona hili? Chini yake tumeandika kwa herufi kubwa: ukijibiwa, tia sahihi hapo hapo, usipige simu nyumbani.